Namba Niliyompa Mgeni

Kama umewahi kuambiwa kwamba vipimo vyako vyote ni safi, ukatoka kwa daktari ukitamani kulia kwa sababu afadhali wangekuta kitu, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi ni fundi cherehani wa Vudee, mke wa Elisante, mama wa Neema. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya kiuno na kifua. Ila nina furaha isiyokaa kifuani, na nimeona nikinyamaza nayo nitakuwa nimewanyima watu.

Yangu yalianza mabegani, msimu wa vuli, mwaka Neema alipoanza darasa la tano. Nilidhani ni cherehani. Nikapumzika wiki nzima, maumivu yakashuka kwenye nyonga, yakaenda magotini, yakarudi shingoni, yakawa yanatembea mwilini kama mtu anayekagua nyumba yake. Kanga nikiifunga kiunoni inauma. Mtoto akinikumbatia naumia, nami sitaki ajue, nabana meno. Nalala tangu saa mbili, naamka nimechoka kama niliyelima ekari. Na akili nayo ikaanza kupotea njia. Nilimshonea mwalimu mkuu shati lenye mikono miwili ya kushoto. Alilivaa, Mungu ambariki, siku moja, ndipo akaja kuniuliza kwa upole kama ndiyo mtindo mpya.

Mabenchi ya hospitali nayajua. Kuna moja lenye msumari upande wa kulia, wagonjwa wazoefu hukaa kushoto, mgeni ndiye anayechanika sketi. Nimepimwa malaria, taifodi, kisukari, nimepigwa picha za mgongo. Safi, safi, safi. Daktari mmoja kijana aliniambia nipunguze mawazo. Nikamwambia nilikuwa sina mawazo mpaka nilipoanza kuumwa.

Nyumbani hakuna aliyetamka neno uvivu. Halikuwa na haja ya kutamkwa. Huku kwetu tuna msaragambo, kazi ya wote: baragumu likilia asubuhi, kila nyumba hutoa mtu, tunakwenda kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Pale kila mtu anamwona aliyekuja na anamkumbuka asiyekuja. Mimi nilikosa wa kwanza, nikakosa wa pili. Wa tatu Elisante alikwenda kwa niaba yangu, akarudi na tope hadi kiunoni, akanawa, akala, akaenda kulala. Maji ya kupikia alikuwa anachota Neema kabla ya shule.

Mama mkwe wangu naye tunaishi naye ua mmoja. Ana miaka zaidi ya sabini na bado hubeba kuni. Goti lake moja limevimba hata kanisani hukaa upande, mguu ameunyoosha kwenye njia ya kupita watu, lakini muulize habari, atakujibu hajambo. Nilimwonea wivu na nikamwogopa. Kila nikiamka kwa kushika ukuta, yeye alikuwa ameshafagia uwanja.

Ilikuwa masika ya mwaka wa tatu nilipofika kwenye kliniki moja ya mjini Same, nikampata daktari asiye na haraka. Aliniuliza juu ya usingizi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniuliza. Alinibonyeza kwa kidole gumba hapa na pale, na kila alipobonyeza niliruka. Kisha akakaa chini akaniambia jina: fibromayaljia. Akasema si wasiwasi, si uvivu, haionekani kwenye damu wala kwenye picha, na haiui. Nililia palepale. Alidhani nimeogopa. Nilikuwa nimefurahi mno, maana kitu kilicho na jina kinaweza kuitwa, kikaulizwa kinataka nini.

Mwisho wa mwaka huo alinipigia simu. Kulikuwa na watafiti wanaojaribu matibabu ya ugonjwa wetu, wanatafuta watu. Kila mshiriki angefundishwa kutembea na kunyoosha viungo kidogo kidogo, na kila jioni angemeza kidonge. Baadhi ya vidonge vina dawa, vingine havina kitu ndani, na hakuna ajuaye kipi ni kipi, si mimi, si nesi, si yeye daktari, mpaka utafiti uishe na hesabu zifungwe. Ningeweza kutoka siku yoyote bila kuulizwa.

Mama mkwe alisema wanataka kunifanya panya wa majaribio. Elisante aliisoma fomu ya ridhaa mara tatu, kwa kidole, kisha akauliza jambo moja tu, kama nikitoka nitaendelea kutibiwa. Nikamwambia ndiyo, imeandikwa ukurasa wa pili. Akanipa kalamu.

Basi Januari nikaanza. Dakika tano za kutembea, si sita. Nilizitembea kati ya nyumba yangu na mgomba wa jirani, kwenda na kurudi, watoto wakinihesabia. Kidonge cheupe baada ya chakula. Na daftari. Daftari hilo ndilo lililonitia matatani, kwa hiyo nilieleze vizuri. Kila jioni unaandika namba moja ya maumivu ya siku hiyo, sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni yasiyosemeka. Ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja, unaandika pembeni, unatia saini. Kila baada ya wiki mbili Sista Rehema, nesi wa utafiti, alipanda mlima kuja kuliangalia.

Siku ya kwanza alikuja mvua imenyesha. Pikipiki ilikwama chini kwenye kona, akamalizia kwa miguu, kofia ya pikipiki mkononi, viatu vimejaa tope. Msichana wa watu wa Tanga, hajazoea milima, anahema. Mama mkwe akampa kiti kizuri, akaleta makande na chai ya tangawizi, na mimi nikaweka daftari mezani karibu na sahani. Akafungua. Nane, nane, saba, nane, tisa, nane. Nikaona uso wake unavyoshuka. Hakusema neno baya, alisema tu pole sana mama, tuendelee. Lakini chakula alikila nusu.

Alipoondoka, mama mkwe alikuwa anakusanya vyombo.

"Mtoto wa watu amepanda mlima wote huu," akasema, "unampa nane?"

"Ndiyo ninavyoumwa, mama."

"Sikusema huumwi. Nimesema ni mgeni. Punguza kidogo."

Ukizaliwa kwetu hayo hayahitaji kufafanuliwa. Mgeni humpi habari mbaya na chakula pamoja. Akikuuliza habari za nyumbani, hata kama umetoka kuzika, unaanza na nzuri, mengine yanafuata baadaye akishashiba. Kwa hiyo wiki mbili zilizofuata niliandika saba, halafu sita. Maumivu yalikuwa nane yaleyale. Sista Rehema alipofungua safari hiyo, alitabasamu hadi macho yakawa madogo, akala makande yote. Nami nikajisikia nimefanya jambo jema. Mwezi wa Februari nikampa tano. Machi nne. Niliziteremsha taratibu, kama mtu anayepunguza nguo kiunoni, ili mshono usionekane. Kufikia mwanzo wa Mei, mvua za masika zikiwa zinamalizika, daftari langu lilikuwa linasoma mbili.

Mbili. Na kitana nilikuwa siwezi kukiinua hadi kisogoni. Nywele nilikuwa nimeshazikata.

Kisha likatokea. Ilikuwa Jumanne, asubuhi nyeupe baada ya mvua. Nilitoka kitandani nikaenda jikoni, nikainua birika lililojaa, nikamimina, nikaliweka. Nikasimama pale. Nilikuwa nimeliinua kwa mkono mmoja. Nikaliinua tena, kwa makusudi, nikaliweka. Nikainua mikono yote miwili mpaka kwenye boriti ya jikoni. Iliuma, ndiyo, lakini iliuma kwa mbali, kama redio ya jirani. Nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani, ilikuwa imefunikwa kanga tangu Krismasi, nikaweka mguu kwenye pedali, nikashona. Nilishona sketi nzima ya shule, kiuno, rinda, upindo, bila kushuka kwenye kiti. Elisante alikuja mbio kutoka bandani, jembe mkononi. Alikuwa amesikia mlio. Alisimama mlangoni akanitazama ninavyokanyaga, machozi yakamtoka, na Elisante sijamwona akilia hata siku aliyomzika baba yake.

Siku hiyo nilicheka hovyo. Nilitembea dakika ishirini na tano, nikamsalimia kila mtu niliyekutana naye. Jioni nikafungua daftari kwa mbwembwe, nikashika kalamu, nikajiuliza leo ni ngapi. Kwa haki kabisa, ilikuwa nne.

Nikaangalia ukurasa. Jana yake nilikuwa nimeandika mbili.

Nilikaa na kalamu ile mpaka Neema akaniita mara mbili chakula kinapoa. Siku nzuri kuliko zote kwa miaka minne, nikiiandika kwa ukweli, ingesomeka kwamba nimezidiwa. Nikitaka isomeke nafuu, ilibaki moja au sifuri, na hiyo ni hali ya mtu asiyeumwa kabisa, si mimi. Namba zote nzuri nilikuwa nimeshazigawa kwa mgeni, moja baada ya nyingine, na sasa nafuu yenyewe imekuja haina pa kukaa. Sikuandika kitu jioni ile.

Nilipomweleza Elisante alikasirika. Si kwa kelele, yeye hukasirika kwa kusema taratibu. Alisema nimepata nafuu, sasa natafuta nini? Nikisema nilidanganya watanitoa, vidonge vitachukuliwa, mazoezi yataisha, turudi kule kule. Aliniuliza kama namkumbuka Neema na ndoo kichwani saa kumi na mbili asubuhi. Namkumbuka. Nilimwambia naogopa kuliko yeye. Hatukuzungumza siku mbili, na nafuu ile tamu ikawa na shubiri ndani yake.

Hudhurio langu la kliniki lilikuwa wiki iliyofuata. Nilishuka Same, nikakaa kwenye benchi, upande wa kushoto. Pembeni yangu alikuwa Mama Hadija, mkulima wa mpunga wa Kihurio, mshiriki mwenzangu tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tumezoea kulinganisha maumivu na kuwacheka madaktari. Siku hiyo aliniona sichangamki akaniuliza. Nikamwambia yote, makande na nane na mbili.

Mama Hadija akavuta mtandio wake akaziba mdomo. Nilidhani amestaajabu, kumbe anacheka, mabega yanatikisika.

"Mwenzangu," akasema, "mimi napandisha."

Yeye alianza kupata nafuu tangu Machi. Lakini alikuwa amejiambia kwamba akiandika namba ndogo watasema huyu kapona, aende zake, apewe mwingine nafasi. Kwa hiyo kila jioni, akishatoka shambani, miguu myepesi, aliketi akaandika nane. Tulitazamana. Milimani tunashusha kwa ajili ya heshima, tambarare wanapandisha kwa ajili ya hofu, na watafiti wa watu wapo katikati na karatasi zao. Tulicheka mpaka karani akatuchungulia dirishani. Kisha kicheko kikaisha, akanishika mkono, tukaingia pamoja.

Daktari alitusikiliza bila kutukatiza. Sista Rehema alikuwa amekaa kwenye kona, nami sikuweza kumtazama. Nilimaliza kwa kuomba wasinitoe.

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mama Neema, kidonge hiki kikipita kwa namba zako, kuna mwanamke mwingine, humjui, atakimeza mwaka mzima akingoja birika liwe jepesi. Na kikianguka kwa namba za Mama Hadija, kuna mwingine kingemsaidia na atakikosa."

Hakupandisha sauti. Nilimwona huyo mwanamke. Nilimwona ameshika ukuta, uwanja haujafagiwa, na mama mkwe anapita. Aibu niliyoisikia hapo haikuwa ya kukamatwa.

Alisema namba zilizoandikwa hazifutwi wala hazisahihishwi kwa kukumbuka. Ataandika maelezo, atawapelekea wakuu wa utafiti, wao ndio wataamua kama tunabaki. Twende nyumbani, tuendelee kama kawaida, tungoje. Na kuanzia jioni hiyo tuandike tunachokisikia mwilini, basi.

Nikaandika nne. Niliiandika kama naweka saini ya kuuza shamba.

Wiki mbili nilizongoja zilikuwa za baridi, Juni imeingia, ukungu unalala mlangoni hadi saa nne. Baridi hunipandishia maumivu, na niliandika tano, siku moja sita, kila namba ikiniuma kuiandika kwa kuwa nilijua inanishtaki. Elisante alinitazama nikiandika. Jioni ya siku ya sita alikuja akakaa karibu nami, akaninyooshea mguu kama tulivyofundishwa, akasema pole. Mama mkwe yeye aliniuliza swali moja tu, akiwa amenipa mgongo, anachambua maharage.

"Ulinitaja?"

"Sikukutaja, mama."

Aliendelea kuchambua.

Sista Rehema alipopanda safari ile, nilimwona kutoka mbali nikashindwa kusoma uso wake. Alifika, akavua kofia, akasema tunabaki. Wote wawili. Namba za miezi ile zimewekwa alama, watu wa hesabu watajua la kufanya nazo. Nilimkumbatia na tope lake lote. Kisha akatoa bahasha kwenye mkoba. Utaratibu umebadilika, akasema, kwa washiriki wote: daftari litafungwa kwenye bahasha kabla hajafika, na yeye haruhusiwi kulifungua mbele ya mshiriki. Wakubwa wamegundua kwamba sura yake inaingilia utafiti. Alisema hivyo huku anacheka, na makande aliyala yote bila kujua namba yoyote.

Utafiti uliisha upande wangu mwezi wa Agosti. Mpaka leo ninapoandika sijaambiwa kidonge changu kilikuwa na dawa au kilikuwa kitupu. Watu wananiuliza kama sioni shida. Sioni. Huenda ni kidonge, huenda ni dakika tano zilizofika thelathini, huenda ni vyote. Nitaambiwa, na siku hiyo nitavaa gauni jipya kwenda kusikia. Ninachojua ni kwamba sijapona, siku nyingi ni tatu, baridi ikija ni tano, na ninashona. Nawe uliye kwenye benchi sasa hivi, ukiulizwa unaumwa kiasi gani, usimwangalie usoni anayekuuliza. Angalia mwili wako ujibu.

Jambo la mwisho ni la Septemba. Baragumu lililia asubuhi kwa ajili ya ndiva, kabla ya mvua za vuli. Elisante alikuwa ameshachukua jembe. Nikamwambia aliweke, nyumba yetu leo naiwakilisha mimi. Nilifika nikapewa karai. Nilibeba nusu, nikapumzika, nikabeba nusu tena, kama tulivyofundishwa. Jirani yangu akauliza kwa sauti kama nimepona sasa.

"Sijapona," nikamjibu. "Leo ni nne."

Akataka kujua nne ya nini. Nikaeleza, na ikawa mzaha wa asubuhi nzima. Wanawake wakawa wanapokezana makarai na namba, mgongo wangu tano, kichwa changu mbili, na mwenyekiti wa mfereji akadai yeye ni kumi lakini hiyo ni ya mkewe.

Mama mkwe alikuwa ametangulia tangu alfajiri, hatukuwa tumesalimiana. Nilimwona anapanda kutoka chini ya bwawa, karai limejaa, mguu ule mmoja anauvuta. Watu walimpisha, kama siku zote. Alipofika nilipo nikainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilingoja apite. Hakupita. Alisimama na karai kichwani, tope linamtiririkia shingoni, akatazama maji yaliyobaki chini.

"Saba," akasema.

Sikuelewa haraka. Kisha nikaelewa.

"Tangu lini, mama?"

"Neema hajazaliwa."

Nikanyoosha mikono yote miwili juu, nikampokea karai. Tukakaa ukingoni mwa ndiva, mimi na yeye, watu wote wakituona.